Sabuni Changa

Siku hiyo mjinga alikuwa Rangi, na hahitaji mtu amsaidie kulisema hilo. Hulisema mwenyewe, tena kwa kicheko, ingawa ni kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele za watu. Wajinga wengi huponzwa na uvivu. Yeye aliponzwa na kutaka kusaidia, na huo ndio ujinga mbaya zaidi, maana mvivu akiharibu angalau huwa amepumzika.

Jina la Rangi alilipata kazini. Alikuwa mpaka rangi wa majumba, hodari kwelikweli, hadi vumbi la msasa lilipohamia kifuani mwake na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi. Akawa akipanda ngazi anakohoa, akishuka anakohoa, na wenye kazi wakaanza kumwambia, "Tutakuita." Hakuna asiyejua kwamba "tutakuita" ni njia ya adabu ya kumwambia mtu aende zake. Simu ikanyamaza. Brashi zikakaukia ndani ya kopo nyuma ya mlango, na nyumba nzima ikahamia mabegani mwa mkewe.

Mkewe, majirani walimwita Mama Povu. Alitengeneza sabuni za kuogea, mafuta ya mgando ya kujipaka, na ya midomo yaliyochanganywa na nta ya nyuki, vyote jikoni mwake, kwa ndoo, mwiko na mizani ndogo iliyobandikwa gundi ubavuni. Watoto wao wawili walikuwa wamehamishiwa sebuleni, kwa sababu chumba chao sasa kilikuwa cha sabuni.

"Yaani sabuni zina chumba, sisi hatuna," mtoto mkubwa alilalamika siku moja.

"Siku utakapoanza kununuliwa, nitakurudishia chumba," mama yake akamjibu.

Ndani ya chumba hicho ilisimama rafu ya mbao, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Sabuni ikishamiminwa kwenye sanduku, ikaganda, ikakatwa vipande, ilianza maisha rafu ya chini. Wiki zikipita ilipandishwa, ikapandishwa tena, hadi ikafika juu. Njia nzima haikufanya jambo lolote la kuonekana kwa macho, ila kupungua unyevu na kupoa ukali. Sabuni ni mafuta na kostiki, ile dawa kali inayoweza kutoboa shati. Vikishikana na kuachwa vipumzike, ukali huisha, ikabaki sabuni ya kumwogeshea mtoto mchanga. Visipoachwa, inabaki sabuni ya kumkumbusha mtu dhambi zake.

Na watoto wachanga ndio walioilisha nyumba hiyo. Mtaa wa pili kulikuwa na mama aliyewapokea wana wa wafanyakazi mchana kutwa. Watu walimwita Mlezi, wala hakuhitaji jina jingine. Wateja wengine walinunua kipande kimoja siku wakikumbuka. Mlezi alinunua kila mwezi, bila kuomba apunguziwe, kwa sababu sabuni za dukani ziliwatoa watoto vipele na wazazi wakamjia juu. Huyo ndiye aliyekuwa unga, mafuta ya taa na ada ya shule. Wakimkosa yeye, watabaki na wale wa kukumbuka.

Asubuhi hiyo Mama Povu alijifunga kitambaa kichwani, akachukua dumu. Mwuza mafuta ya nazi alikuwa amepandisha bei tena, naye alitaka kuzisikia sababu kwa masikio yake.

"Kaka yangu akija na gari, mpe za Mlezi," alisema. "Za rafu ya juu. Wewe ni kufunga karatasi na uzi, basi."

"Hiyo kazi ya mtoto."

"Mtoto ningemwachia ngumu zaidi. Za juu, Baba Watoto. Umenisikia?"

"Kibovu ni kifua. Masikio mazima."

Akaenda. Rangi akaingia chumbani na bunda la karatasi za kaki, akasimama mbele ya rafu kama alivyokuwa akisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kichwa upande. Alichokiona hakikumpendeza. Zile za juu zilikuwa zimesinyaa, kingo zimelika, na juu yake kumekaa unga mweupe kama wa chaki. Ungesema zimeokotwa. Za chini zilikuwa na rangi ya asali, kingo zimenyooka kama tofali jipya, na zilinukia mchaichai hadi mlangoni.

Moyo wa fundi ukamwasha. Katika maisha yake hakuwahi kumkabidhi mwenye nyumba ukuta wenye vumbi. Sasa mteja mkubwa, anayelipa bila maneno, ndiye apewe hizi zilizo kama zimetoka vitani?

Mama yake alikuwa amekaa uani, anapepeta kwenye ungo majani makavu ya mwarobaini ya kutia kwenye sabuni. Rangi akamwita kupitia dirishani.

"Mama, wewe ukipata mgeni wa heshima, utampa embe lililonyauka au linalong'aa?"

"Mgeni gani?" Bibi akauliza bila kuinua macho.

"Mgeni tu."

"Na maembe ya nani?"

"Aa, mama. Tuseme ya mkweo."

"Basi nitampa lile alilosema mkwe."

Rangi akacheka, akaona mama yake amezeeka. Akarudi kwenye rafu. Akabonyeza sabuni ya chini kwa kidole gumba, polepole, kama alivyobonyeza rangi ya milango miaka yote. Gumba lile ndilo lililokuwa cheti chake. Rangi isiponata gumbani, imekauka. Ikikauka, mwenye nyumba anaitwa. Sabuni haikunata. Akabonyeza ya pili na ya tatu. Zote kavu. Mkewe, aliwaza, ana huruma mno kwa vitu vikuukuu, anataka kuvimaliza kwanza. Akazifunga za chini zote, karatasi imekunjwa kwa pembe kali, uzi wa katani umefungwa fundo zuri, akazipanga kwenye boksi. Ilikuwa kazi nzuri. Kwa muda mrefu hakuwa amefanya kazi nzuri.

Dereva, kaka yake Mama Povu, alipiga honi nje, akaingia bila kubisha.

"Shemeji! Naona leo umeajiriwa."

"Nimeajiriwa na dada yako."

"Mshahara?"

"Chakula."

"Basi unanizidi. Mimi dada yangu hunilipa lawama." Akainama juu ya boksi, akavuta pumzi. "Hizi leo zinanukia mpaka nasikia njaa. Mikono yako imeingia humu, shemeji?"

"Mkono wa fundi haufichiki," Rangi akasema.

Hilo nalo hulirudia leo akisimulia, na hapo ndipo hucheka zaidi.

Mama Povu alirudi jua limeshavuka kichwani, dumu limejaa nusu. Sababu za mwuza mafuta alikuwa amezisikia zote, na zote zilikuwa kwamba na yeye ana watoto. Akaingia chumbani kuweka dumu, akasimama.

"Za chini ziko wapi?"

"Zimekwenda," Rangi akasema kwa sauti ya mtu anayesubiri asante.

"Wapi?"

"Kwa Mlezi. Niliona zile za juu zimechoka, nikasema mteja kama yule tusimfanyie hivyo. Nimezipima kwanza. Kavu kabisa."

"Umezipima na nini?"

Rangi akainua gumba.

Mama Povu akakaa ukingoni mwa kitanda cha watoto, katikati ya masanduku. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Rangi angejua pa kushika. Aliinama tu, akaokota chini ya rafu kipande cha masalio ya kukatia, chembamba kama ukucha, cha rangi ya asali.

"Toa ulimi."

"Nini?"

"Sabuni haipimwi kwa gumba. Inapimwa kwa ulimi. Lamba."

"Mke wangu, sijala tangu..."

"Lamba, Baba Watoto."

Akalamba. Ilikuwa kama amelamba waya wa betri. Kitu kilimpiga kwenye ncha ya ulimi, kikapanda hadi nyuma ya masikio. Akaruka, akakohoa, akakimbilia dirishani kutema.

"Unanitemea mate, mwanangu?" sauti ya Bibi ikauliza kutoka uani. "Nimekukosea nini?"

Mama Povu akanyoosha mkono rafu ya juu, akashusha kimoja cha vile vilivyosinyaa, akakilamba yeye mwenyewe mbele yake, taratibu, kama mtu anayelamba kijiko cha uji. Akakirudisha.

"Hizo za chini nimezikata juzi," akasema. "Hiyo iliyokuuma ulimi, ndiyo iliyokwenda kwa watoto ambao hata meno hawana."

Alimpigia kaka yake. Dereva alisema amekwisha kuzishusha kitambo, mama wa watu amefurahi, kampa na maji baridi, na yeye sasa yuko mbali, amepakia abiria. Akampigia Mlezi. Simu ikaita hadi ikachoka. Mlezi hakuwa mtu wa kushika simu akiwa ameshika mtoto, na muda wote alikuwa ameshika mtoto.

"Sasa hivi wamelala," Mama Povu alisema, akijaza kikapu kwa sabuni za juu, bila karatasi wala uzi. "Wakiamka anawaogesha, kabla wazazi hawajaja kuwachukua."

"Nakuja na wewe."

"Kaa na kifua chako."

"Nakuja."

Wakatoka. Barabara ilikuwa na vumbi na jua la kuyeyusha mawazo. Mama Povu alitangulia na kikapu kichwani, Rangi nyuma, akikohoa kila baada ya nguzo ya umeme. Walipofika kwa fundi viatu alimfikia, akawa kando yake.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba umempelekea sabuni changa."

"Mimi?"

"Sisi, basi, kama 'mimi' inakukaba."

"Hebu nisikilize." Akasimama kuvuta pumzi, mkewe hakusimama, ikambidi atembee na kusema kwa pamoja. "Ukimwambia mwenye mtoto neno 'inachoma', hasikii neno linalofuata. Ndiyo mwisho. Tumwambie tumekosea harufu. Hizi zilikuwa za mtu mwingine, tunabadilisha. Tunachukua, tunaacha, tunaaga. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyekasirika. Ni uongo mdogo, hata haujaota meno."

Mama Povu hakujibu. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuchuja mafuta, amesimama kwenye foleni ya mwuza mafuta, amebishana, amebeba dumu, na sasa anarudi juani na kikapu. Alichoka kiasi kwamba hata kusema hapana kulihitaji apate kwanza mahali pa kukaa. Rangi akahesabu ukimya huo kuwa ndiyo. Wanaume wengi wamewahi kufanya hesabu hiyo.

Kwa Mlezi palikuwa na ukuta mfupi uliobanduka rangi. Rangi aliuona kabla ya kuona kingine chochote, akajiambia kwamba ukuta huo ni kazi ya siku moja tu, na angeupaka bure. Uani nepi zilianikwa kamba hadi kamba. Mlangoni waliambiwa wavue viatu na wanawe mikono kwenye ndoo yenye bomba. Rangi akawekewa kigoda cha watoto, cha rangi ya waridi, karibu na kizingiti.

"Wanaume hukaa hapo," msaidizi wa Mlezi alisema, mwanamke mnene mwenye kanga mbili. Rangi akakaa, magoti yakamfika masikioni.

Mlezi akatokea na mtoto begani.

"Mama Povu! Na mzee mwenyewe kaja! Nilikuwa natafuta nafasi nikupigie. Leo umejipita, mwenzangu, umejipita!"

Mama Povu alifungua mdomo, lakini Rangi alikuwa amekwisha kuinuka nusu kutoka kwenye kigoda.

"Ndicho kilichotuleta, mama. Kumetokea mchanganyiko kidogo. Harufu. Hizi harufu yake ilikuwa ya mteja mwingine, kwa hiyo tumeleta zako zilezile ulizozoea, tubadilishane haraka tusikupotezee muda."

"Kubadilisha?" Mlezi akacheka hadi mtoto akarukaruka begani. "Thubutu! Hizi hazitoki. Nisamehe tu, Mama Povu, sabuni zako za siku zote ni nzuri, watoto ngozi kama siagi, lakini sura zake, hee! Kama zimetoka jela. Hizi nikiziweka pale mezani, mzazi akiingia anaona mwenyewe anacholipia. Huyo mteja mwingine mwambie amechelewa. Tena niachie na hizo za kikapuni, nitahesabia mwezi ujao." Akageuka. "Dada, leta beseni, huyu ameshaamka."

Msaidizi akaleta beseni. Kwenye kisahani pembeni kipande cha rangi ya asali kilikuwa tayari kimefunguliwa, karatasi yake ya kaki yenye pembe kali imekunjwa vizuri kando. Mtu alikuwa ameona ni nzuri mno kuitupa.

"Ila, mama," Rangi akasema, "ile harufu ni kali kidogo kwa watoto."

"Mchaichai? Mchaichai umemdhuru nani?"

"Si kudhuru. Ni kuwa... pua zao bado ndogo."

"Baba, ungejua pua hizi zinanusa nini humu ndani kutwa nzima, ungewaonea huruma zaidi."

Msaidizi akacheka. Akachovya kitambaa, akakisugua kwenye sabuni. Povu likaja kwa wingi, zuri, jeupe. Mlezi akamwingiza mtoto kwenye maji. Mtoto akapiga maji kwa viganja, akafurahi kuona yanamrukia. Rangi akamtazama mkewe.

"Mlezi, mwambie aweke kitambaa chini," Mama Povu akasema.

"Kuna nini?"

"Hiyo sabuni ni changa. Kostiki haijaisha humo. Ikimgusa itamchoma. Si mambo ya harufu. Ulitakiwa uletewe hizi za kikapuni, tukakosea."

Mlezi alimwinua mtoto kutoka majini, akamfunika taulo, akamweka begani tena, bila haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akifanya haraka atavunja kitu. Mtoto akaanza kulia, si kwa maumivu, kwa kunyimwa maji. Msaidizi aliangalia viganja vyake.

"Ndiyo maana vinawasha," akasema taratibu, akaenda kwenye ndoo.

Mlezi akamgeukia mwanaume aliyekaa kwenye kigoda cha waridi.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mama, mimi nilikuwa nataka..."

"Nimemtia mtoto majini hapa, mbele yako. Ulikuwa unajua, au hukujua?"

"Nilijua."

"Ukawa unanieleza habari za pua."

Alimpa mtoto msaidizi, akaanza kuzirudisha sabuni kwenye boksi, moja moja, hata ile iliyolowa, akaifunga kwenye karatasi yake. Kisha akaingia ndani, akarudi na kipande kingine, kidogo, kimetumika hadi kimekuwa kama kokoto, kimefungwa kwenye gazeti.

"Na hiki."

"Hicho ni cha mwezi uliopita," Mama Povu akasema. "Hicho ni kizima, Mlezi. Kimewaogesha watoto wiki nzima."

"Najua ni kizima. Lakini kesho mama wa mtoto akiniuliza, nimwambie najua? Hata hizi za leo nilijua ni nzima." Akamwekea mkononi. "Asante kwa kusema. Ningekuwa na sababu ya kukuchukia ungenyamaza. Acha kwanza nitulie. Nitakuita."

Rangi alilijua neno hilo vizuri. Akainamisha kichwa, akavaa viatu.

Kurudi, kulikuwa na kikapu na boksi. Rangi alichukua boksi. Alifika nalo kwa fundi viatu, kikohozi kikamkamata akalazimika kuliweka chini. Mama Povu akasimama, akaliokota, akaliweka juu ya kikapu, akaendelea kutembea. Fundi viatu aliwatazama hadi walipopita, kisha akarudi kwenye kiatu chake.

Kesho yake Dereva alikuja kunywa chai. Sabuni changa zilikuwa zimerudi rafu ya chini, bila karatasi, moja ina alama za vidole vya msaidizi. Mama Povu alikuwa sakafuni na mizani, akipima yale mafuta nusu dumu, akiangalia kama yanatosha sanduku moja au kama asubiri. Bibi alikaa mlangoni na ungo wake.

Rangi hakulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri huamka na haki nyingi.

"Ungenyamaza kidogo tu," alisema, "ningezitoa."

"Ungezitoaje? Mtoto alikuwa ndani ya maji."

"Ningejifanya nimejikwaa, nikalimwaga beseni."

"Na mtoto?"

"Ningemdaka."

"Na kifua hicho," Dereva akasema, akipuliza chai. "Shemeji, wewe kijiko tu ukikidaka unahitaji kupumzika."

"Wewe kunywa chai! Nyie watu wa familia moja." Rangi akavuta kigoda. "Nilitaka kusaidia. Hilo halionekani?"

"Linaonekana," Mama Povu akasema. Alikuwa anatazama mshale wa mizani. "Ndiyo maana sina hasira na wewe. Nimechoka tu."

Hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Akazitazama zile sabuni. Mafuta yalikuwa yameingia humo, mchaichai umeingia humo, na jasho. Na sasa zote zilikuwa na kazi ya kupanda rafu, bila mteja wa kuuziwa zikifika juu.

"Basi tusikae tunalia," akasema. "Mteja amekwenda, sawa. Watu wazima si wapo? Hizi tuwauzie wao. Stendi pale, wabeba mizigo, makondakta, ngozi zao kama za ngoma. Tuziuze sasa hivi, tununue mafuta, tuanze upya."

"Hapo shemeji kasema," Dereva akasema. "Mimi mwenyewe nazimaliza kwa asubuhi moja. Wenzangu watanunua kwa sura tu."

"Zitawawasha," Mama Povu akasema.

"Zitawawasha kidogo! Na ndivyo wanavyopenda. Mtu mzima sabuni isipomwasha anaona ameibiwa. Ikimwasha anasema, hii ni dawa hii, hii imeingia." Rangi sasa alikuwa amesimama. "Tena ni za asili. Hakuna uongo hapo, majani umeyapepeta mama mwenyewe."

"Mimi usinitie," Bibi akasema. "Ngozi yangu haina cha kupoteza, na bado siinunui."

"Mke wangu, tutakula nini? Kila siku ukweli, ukweli! Mlezi umemwambia ukweli, kakurudishia hadi kokoto. Nani hununua kwa mtu anayejichongea? Watoto wakirudi shule leo wanataka chakula, wewe utawapakulia ukweli?" Kikohozi kikamkata. Alikohoa akishika ukuta, na hakuna aliyecheka. Kilipopita, akasema kwa sauti ya chini, "Nataka niuze kitu, mke wangu. Kitu chochote. Nitoke asubuhi nirudi nimeuza."

Mama Povu akaacha mizani. Akamtazama kwa muda, na uso wake ukalainika kidogo, kisha ukachoka tena.

"Kwa hiyo mtu mzima haitamdhuru."

"Hata kidogo."

"Una hakika?"

"Mtu mzima? Mwenye ngozi yake iliyokomaa? Mimi nimepaka rangi za mafuta miaka yote, nimenawa na petroli, na niko hapa. Hawezi kudhurika."

"Na wewe ukiambiwa uisimamie mwenyewe, utaisimamia."

"Kifua mbele."

Dereva akaweka kikombe chini. Mama Povu akainuka, akashika kiuno kwanza, akaenda chumbani. Akarudi na kipande kimoja cha rangi ya asali, kile chenye alama za vidole, na taulo. Akamwekea vyote viwili mumewe mikononi.

"Maji yapo bafuni," akasema. "Oga mwili mzima, usiache kona. Ukitoka huko unaimba, kaziuze zote."